Kununua kalipa iliyotumika: sifuri peke yake haitoshi

SWALI

Msomaji wetu wa Morogoro, fundi wa mashine ya kerezo aliyehitimu VETA na sasa anajiandaa kufungua karakana yake, anauliza: "Mwalimu, naomba ushauri. Gerezani, Dar es Salaam, nimeonyeshwa kalipa mbili zilizotumika, vile vifaa vya mkononi vya kupimia kipenyo na unene, zote za milimita 150. Ya kwanza ni ya dijitali, ina jina la Mitutoyo na inaonekana kama mpya. Ya pili ni ya venia, yaani ya kusoma kwa mistari, ya zamani, imeandikwa Moore & Wright, Sheffield, na bei yake ni nusu ya ile ya kwanza. Muuzaji anazifunga zote mbili na kunionyesha kuwa zinasoma sifuri. Sina geji bloku, vile vipande vya chuma vya kipimo kamili vya kukagulia, wala pa kuziazima. Nichukue ipi, na nitajuaje kama ni nzima? Ile ya venia ncha ya taya moja imepinda kidogo. Je, naweza kuinyoosha mwenyewe?"

JIBU

Ndugu fundi, jibu fupi ni kwamba ningechukua ile ya venia ikiwa itapita majaribio nitakayoyaeleza hapa, na ningeiacha ile ya dijitali mpaka muuzaji akuruhusu kuichunguza kwa nafasi, kwa sababu jina kubwa kwenye kifaa kilichotumika ni jambo la kutiliwa shaka kabla ya kufurahiwa. Jibu refu linaanzia kwenye hiyo sifuri ambayo muuzaji anajivunia.

Kalipa iliyofungwa ikisoma sifuri inathibitisha jambo moja tu, kwamba mataya mawili ya nje yakigusana, mstari wa kwanza wa venia, ile mistari midogo iliyo kwenye kitelezi (sehemu inayosogea), unaangukia kwenye mstari wa kwanza wa upau, ule mwili mrefu wenye mistari ya milimita. Haikuambii kama mataya yamelika, wala kama yanagusana sehemu zote au mahali pamoja tu. Kwenye kalipa ya dijitali sifuri hupatikana kwa kubonyeza kitufe, haidhuru mataya yakoje. Kwenye baadhi ya kalipa za venia za zamani, kibati chenye mistari ya venia kimeshikwa na skrubu mbili ndogo, na mtu mwenye bisibisi ya fundi saa anaweza kukilegeza, akakisogeza na kukikaza upya kwa muda mfupi tu. Si lazima iwe hila, maana hiyo ndiyo njia halali ya kurekebisha kifaa, lakini ina matokeo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua.

Kitelezi kimoja cha kalipa hubeba vipimo vitatu kwa pamoja: mataya makubwa ya kupimia nje, mataya madogo ya kupimia ndani ya tundu, na ule ulimi mwembamba unaochomoza mwishoni mwa upau kwa ajili ya kupimia kina. Chukulia kwamba mataya ya nje yamelika, au yamesagwa upya ili kuondoa makovu, kwa jumla ya milimita 0.10. Kitelezi sasa kitafunga 0.10 zaidi ya pale kilipofunga kilipotoka kiwandani. Ukisogeza venia ili isome sifuri hapo, kipimo cha nje kitarudi kuwa sahihi, lakini kipimo cha ndani na kipimo cha kina vyote viwili vitasoma 0.10 zaidi ya ukweli. Mkerezaji anayetoboa bushi kwa kalipa hiyo atasoma 30.00 na kufurahi, kumbe tundu lina 29.90, na shafti ya 30 haitaingia. Kwa hiyo swali la kumuuliza kifaa si kama kinasoma sifuri, bali kama vipimo vyake vitatu vinakubaliana, na kama vinakubaliana pia mbali na sifuri.

Ukirudi Gerezani, nenda na kitambaa safi, tochi ya simu na kipande cha kioo kinene cha dirisha chenye ukubwa wa kiganja. Kwanza ifute kalipa yote, hasa nyuso za mataya na kingo za upau, kwani chembe moja ya uchafu kati ya mataya inatosha kuharibu kila jaribio linalofuata. Itazame kwa karibu wakati unaifuta. Kutu ya juu juu kwenye mgongo wa upau haina neno, lakini kutu iliyochimba vishimo kwenye nyuso za kupimia au kwenye ukingo ambao kitelezi hupita juu yake ni sababu tosha ya kuaga na kuondoka. Angalia vichwa vya skrubu zote ndogo. Zikiwa na makovu ya bisibisi, kuna mtu aliyekwisha kuingia humo, na hapo majaribio ya kina na ya ndani yanakuwa ya lazima zaidi.

Kisha legeza skrubu ya kufungia na usogeze kitelezi kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Mkono wako utakuambia mengi. Kalipa iliyofanya kazi miaka mingi hulika zaidi kwenye milimita 50 za mwanzo, kwa kuwa kazi nyingi za karakana ni za kipenyo kidogo, na huku mwisho wa upau hubaki karibu kama mpya. Dalili yake ni kitelezi kinacholegea mwanzoni na kubana kadiri kinavyoelekea 150. Juu ya kitelezi kuna skrubu mbili ndogo zinazosukuma kibamba chembamba dhidi ya upau. Ukizikaza ili kuondoa ule ulegevu wa mwanzoni, kitelezi kitakwama mbele, na ukizilegeza ili kipite mbele, kitacheza mwanzoni. Kulegea kunakolingana upau mzima ni jambo dogo, kwani hurekebishwa kwa kuzikaza skrubu hizo mpaka kitelezi kigome, kisha kuzirudisha kidogo sana. Kulegea kusikolingana hakuna dawa ya karakana.

Kuna sababu ya mimi kulikazania suala la kucheza. Mwaka 1890 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kanuni kwamba kipimo na kitu kinachopimwa vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja, na kalipa kwa umbo lake inavunja kanuni hiyo, kwa kuwa mistari iko juu kwenye upau na kitu kiko chini kati ya mataya. Kitelezi chenye urefu wa milimita 50 kikicheza 0.03 tu, ncha ya taya lililoshuka milimita 40 chini ya upau itasogea karibu 0.024, na usomaji wako hautaonyesha chochote. Ndiyo maana fundi mzoefu hukiweka kitu karibu na upau, mbali na ncha za mataya, na ndiyo maana kubana kwa nguvu hakuongezi usahihi hata kidogo.

Sasa funga mataya kwa wepesi na uyainue mbele ya tochi. Mwanga haupaswi kupita, au upite kama uzi hafifu unaolingana kutoka juu hadi chini. Jicho la binadamu ni kali mno katika jaribio hili, na hata mwanya wa elfu chache za milimita huonekana. Ukiona mwanga umbo la kabari, mataya yamepishana au kitelezi kimeinama. Ukiuona katikati tu, mataya yamelika pale ambapo wenye kifaa walizoea kupimia. Hapo hapo, wakati kalipa imefungwa, usiishie kusoma mstari wa sifuri. Venia ya 0.02, yaani inayosoma kwa hatua za milimita 0.02, ina nafasi 50 zilizogawanywa juu ya milimita 49, kwa hiyo mstari wake wa mwisho lazima uangukie sawasawa kwenye mstari wa 49 wa upau. Venia ya 0.05 ina nafasi 20, na mstari wa mwisho huangukia 39 au 19 kulingana na aina. Ukikuta sifuri imekaa na mwisho haukukaa, nyoosha kwanza jicho lako lilingane na mistari, kwa kuwa kutazama kwa upande hudanganya; tatizo likibaki, kibati kimekaa vibaya.

Jaribio linalofuata ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, na ndilo litakaloziba pengo la geji bloku. Nenda kwenye duka la vipuri lililo jirani, uombe kutazama beringi mpya za chapa inayoaminika, zikiwa kwenye boksi zake. Watu wengi hawajui kwamba beringi ya kawaida ya gololi, ile inayouzwa kwa ajili ya pampu na mota, imesagwa kwa usahihi unaozidi kwa mbali uwezo wa kalipa yoyote. Beringi namba 6204 ina kipenyo cha nje cha milimita 47 na tundu la milimita 20. Kwa daraja la kawaida kabisa, kipenyo hicho cha nje kinaruhusiwa kupungua kwa 0.011 tu, na tundu kwa 0.010 tu, wala hakuna ruhusa ya kuzidi. Kwa hiyo kalipa ya 0.05 ikiibana 6204 kwa nje lazima isome 47.00, na ile ya 0.02 isome 47.00 au 46.98. Ikisoma 47.06 au 46.90, mwenye kosa si beringi. Lakini usipime unene wake na kuutumia kama rejea: ule wa milimita 14 unaruhusiwa kupungua hadi 0.12, kwa kuwa unene hauathiri sana jinsi beringi inavyokaa, na nimewaona mafundi wakizitupia lawama kalipa nzima kwa sababu hiyo.

Usitosheke na beringi moja. Ndogo ya 608, yenye nje ya 22 na tundu la 8, itakupa mwanzo wa upau. 6204 itakupa theluthi ya kwanza. 6308 ina nje ya 90 na tundu la 40, na 6310 ina nje ya 110 na tundu la 50. Hizo mbili kubwa zinaruhusiwa kupungua kwa nje kwa 0.015. Pima katikati ya upana wa ringi, si kwenye ukingo uliochongwa mviringo, na uitikise kalipa kidogo kushoto na kulia mpaka upate usomaji mdogo kuliko wote, ambao ndio kipenyo. Rudia mara kadhaa kwa kila beringi, ukifungua na kufunga upya. Kalipa inayokupa jibu lile lile kila mara, hata kama jibu hilo limekosea kwa 0.02, ni bora kuliko inayokupa jibu sahihi mara moja na lingine mara ya pili, kwa kuwa kosa lisilobadilika linaweza kuandikwa kwenye karatasi na kutolewa katika hesabu. Kisha chukua ile 608 uibane karibu na upau, halafu katikati ya mataya, halafu kwenye ncha. Tofauti ya usomaji kati ya sehemu hizo tatu ndiyo picha halisi ya uchakavu wa mataya.

Baada ya hapo, pima tundu la 6204 kwa mataya madogo, ukitafuta usomaji mkubwa kuliko wote, na utarajie 20.00 au pungufu ya hapo kidogo sana. Ikisoma 20.08 wakati nje ilisoma 47.00, umeshaikamata ile kalipa niliyoieleza mwanzo, iliyosagwa mataya na kusogezwa venia, au basi mataya yenyewe ya ndani yamelika. Kioo kitaamua kati ya hayo mawili: simamisha mwisho wa upau juu ya kioo, ushushe ulimi mpaka uguse, na usome. Kama kipimo cha kina nacho kinasoma 0.08 badala ya sifuri, venia imesogezwa; kama kipimo cha kina kinasoma sifuri, lililoharibika ni mataya ya ndani. Tahadhari moja tu: usitumie tundu la 608 kuhukumu mataya ya ndani. Kingo za mataya hayo hazina ncha kali kabisa, zina ubapa mdogo, na katika tundu jembamba ubapa huo hufanya usomaji uwe mdogo kuliko ukweli hata kwa kalipa mpya.

Nikigeukia ile ya dijitali, majaribio yote hayo yanaihusu pia, lakini ina mambo yake. Toleo la Mitutoyo namba 500-196, la milimita 150, ni miongoni mwa kalipa zinazoghushiwa sana duniani, na muuzaji anaweza kuwa na ya bandia pasipo yeye mwenyewe kujua. Maandishi yaliyofifia au yasiyokaa sawa, mwendo wa kitelezi unaokwaruza, na kasha lililochapwa ovyo ni dalili za kawaida. Kifaa halisi cha aina hiyo husoma mahali kilipo kitelezi moja kwa moja, badala ya kuhesabu hatua, na hivyo hakipotezi hesabu kikisogezwa kwa kasi. Kiweke sifuri, ukivute na kukirudisha haraka mara kadhaa, kisha ukifunge taratibu. Kisiporudi 0.00, si halisi au ni kibovu. Kikirudi, bado hujathibitisha kwamba ni halisi, maana hata baadhi ya vile vya bei rahisi siku hizi vinastahimili kasi. Fungua pia kifuniko cha betri. Ukungu wa kijani humo ndani unaonyesha kwamba betri ilivuja, na hitilafu itakayotokana na hapo hutokea siku usiyoitarajia. Weka betri ya SR44 badala ya LR44 ya bei rahisi kabla ya kuhukumu, kwani tarakimu zinazochezacheza zenyewe mara nyingi husababishwa na betri hafifu.

Na usivutiwe na tarakimu ya pili baada ya nukta. Hata kalipa ya dijitali mpya kabisa ya daraja nzuri, inayoonyesha 0.01, huahidiwa na mtengenezaji kosa linaloweza kufika 0.02. Zaidi ya hayo, mashine ya kerezo hurusha maji ya kupoozea na vumbi la chuma, na kalipa ya dijitali isiyo na kinga dhidi ya maji husoma vibaya ikilowa, wakati venia hufutwa kwa kitambaa na kazi ikaendelea. Kanuni ya venia iliyochapishwa na Pierre Vernier mwaka 1631 haijawahi kuhitaji betri.

Lipo jambo hukuuliza, lakini kazi yako itakulazimisha. Kama utakereza shafti za mashine za kusaga na za pampu, kalipa yoyote kati ya hizi haitakutosha pale beringi inapokaa. Shafti ya beringi 6205, yenye kipenyo cha 25, kwa mkao wa kawaida wa k6 (daraja la jinsi shafti inavyokaa ndani ya beringi) inatakiwa iwe kati ya 25.002 na 25.015. Nafasi hiyo yote, ya 0.013, ni ndogo kuliko hatua moja ya venia ya 0.02. Fedha utakayookoa kwa kununua venia iweke kwenye mikromita ya 25 hadi 50 kwa shafti kama hiyo, na nyingine ya 0 hadi 25 ukijaliwa, halafu kalipa iwe ya kukufikisha karibu na kipimo. Na chochote utakachotumia, acha kitu kipoe kwanza. Chuma cha milimita 50 kilichotoka mashineni kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya kalipa kimetanuka kwa takriban 0.017, na aluminiamu hutanuka mara mbili ya hapo. Joto la Morogoro lenyewe si tatizo, kwa kuwa kalipa ya chuma na kazi ya chuma hutanuka pamoja zikikaa chumba kimoja.

Kama mteja atakudai cheti cha vipimo, maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vifaa vya kupimia, ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, Ubungo, ndiyo ya kuuliza. Wakala wa Vipimo hushughulika na mizani na vipimo vya biashara, na si mahali pa kupeleka kalipa ya karakana. Kwa kazi ya kawaida huhitaji cheti. Beringi mpya moja iliyofungwa kwenye karatasi yenye mafuta ndani ya droo yako, isiyofungwa kwenye mashine yoyote, itakutosha kuikagua kalipa kila Jumatatu asubuhi.

Sasa kuhusu ile ncha iliyopinda. Usijaribu kuinyoosha kwa nyundo wala koleo, kwa kuwa ncha za mataya zimetiwa ugumu, na chuma kigumu hukatika kabla ya kunyooka. Tazama kwanza imepinda kuelekea wapi. Ikiwa imepinda kwenda nje, mbali na taya la pili, mataya yatagusana vizuri sehemu nyingine zote, na tochi itaonyesha mwanga kwenye ncha tu. Kalipa hiyo inafaa kwa kazi zote isipokuwa mifereji myembamba, na kasoro hiyo ni hoja yako ya kushusha bei. Ikiwa imepinda kwenda ndani, ncha ndiyo inayogusa peke yake, mwanga unapita sehemu nyingine zote, na ile sifuri uliyoonyeshwa ni sifuri ya ncha, hiyo usiinunue. Lakini papasa kwa ukucha kabla ya kuamua, maana mara nyingi kinachoonekana kama kupinda ni kinundu kidogo cha chuma kilichoinuka baada ya kalipa kuanguka. Kinundu huondolewa kwa jiwe laini la kunolea lililopakwa mafuta, likilazwa bapa juu ya uso wa taya na kupitishwa taratibu mara chache, ili likate kile kilichoinuka tu na lisiuguse uso wenyewe. Tupa na msasa visikaribie hapo. Muuzaji akikukubalia ulifanye hilo mezani kwake kabla ya kulipa, rudia jaribio la mwanga na la beringi hapo hapo.